Ukuta Unaoangalia Daraja

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, komini ya Tshopo, Kisangani

Leo, Jumatatu tarehe 18 Septemba 2000, saa tatu asubuhi, naahidi mbele ya afisa na mbele ya mama yangu kwamba nitasema yote niliyoyaona na kuyasikia, pamoja na yale ambayo ingekuwa rahisi zaidi kwangu kuyanyamazia.

Jina: Fortunée Bosenge. Umri: miaka kumi na mitano. Kazi: mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sekondari, shule ya masista. Makazi: avenyu ya tisa, komini ya Tshopo. Baba yangu ni Émile, mvuvi. Mama yangu ni Annette. Sisi ni watu wa Yanonge.

Afisa Augustin Likenge alitaka kuandika mwenyewe kwa Kifaransa, kama ilivyo desturi ya ofisi. Nimemwomba niandike mimi, kwa Kiswahili, kwa sababu mama ameketi hapa kando yangu, hajui Kifaransa, na hataki kutia kidole chini ya maneno asiyoyaelewa. Afisa amekubali. Amesema niandike polepole, na nisiandike insha. Nitajitahidi.

Nimekuja kwa hiari yangu kueleza habari za Isaïe Muhindo, mfanyabiashara wa soko kuu. Askari walimkamata Ijumaa iliyopita, tarehe 15, wakisema kwamba anawauzia watu picha za kuficha matundu ya kupelelezea daraja la Tshopo. Mimi namwita tonton, yaani mjomba, ingawa si ndugu yetu. Yeye ni mtu wa Butembo. Alipanga nyumba iliyo kando ya yetu kabla vita hivi havijaanza, pamoja na mke wake, mama Kyakimwa. Tunachota maji kisima kimoja, na uzi wa kuanikia nguo umefungwa kwao upande mmoja na kwetu upande wa pili.

Kwanza nieleze picha zenyewe, kwa sababu afisa ameniuliza mara mbili ni picha za nini, na hilo ndilo swali ambalo kila mtu huuliza.

Ni karatasi nene, kubwa karibu kama mlango wa kabati, zilizochapwa kiwandani. Hakuna mtu ndani yake, wala nyumba, wala mlima. Ni rangi tu. Moja ina bluu nzito juu na kijani chini. Nyingine ni nyekundu yote, isipokuwa ukanda mwembamba wa njano karibu na ukingo. Mahali rangi mbili zinapokutana hakuna mstari. Zinaingiliana kama maji ya mto Lindi yanapoingia katika mto mkubwa, huwezi kuweka kidole ukasema ni hapa. Sista Florentine, anayetufundisha kuchora, alituambia kwamba ng'ambo ya bahari wako wachoraji wanaochora hivyo kwa makusudi, na watu hununua nakala za picha hizo wakapamba sebule.

Tonton Isaïe hakuziagiza. Aliagiza picha za maporomoko ya maji na za bata weupe wa Ulaya, zile ambazo watu wa hapa wanapenda kutundika juu ya kochi. Katoni ilipofika kwa ndege na kufunguliwa, ndani yake mlikuwa na hizi. Hakuwa na njia ya kuzirudisha. Mama Safi, jirani yetu anayeuza makayabu, wale samaki wa chumvi, mbele ya duka la tonton, alikuwa akimtania kila asubuhi.

"Isaïe, rudisha karatasi zako. Mwenye kuchora alisahau kumaliza."

"Alimaliza, Safi. Ni wewe hujaanza kuangalia."

"Mimi nikitaka kuangalia bluu bila kitu, mbingu iko pale, na haina bei."

Kwa mwaka mzima na zaidi zilikaa ndani ya katoni, na juu ya katoni paka wa duka alizaa.

Mnamo tarehe 5 Juni mwaka huu, majeshi mawili yalianza kupigana hapa mjini, na yalipigana siku sita. Afisa hahitaji nimweleze, naye alikuwepo. Jeshi moja lilikuwa ng'ambo ya mto Tshopo, upande wa daraja. La pili lilikuwa upande wa mji. Sisi wa komini ya Tshopo tulikuwa katikati, na mabomu ya pande zote mbili yalipita juu yetu, na mengine hayakupita.

Vita vilipokwisha, lile jeshi la ng'ambo liliondoka, na askari wa jeshi la pili wakaweka kizuizi penye daraja. Karibu kila nyumba ya avenyu yetu ilikuwa na tundu ukutani. Saruji haikupatikana. Watu walitia matambara, au makaratasi ya katoni, na mvua ya kwanza iliyaangusha. Mama Kyakimwa alikuwa na tundu juu ya kitanda. Alichukua picha moja kutoka dukani, ile ya bluu na kijani, akaibandika juu ya tundu kwa gundi ya unga wa mihogo. Mama Safi aliingia kuomba chumvi, akasimama mlangoni muda mrefu.

"Kyakimwa, tundu iko wapi?"

"Iko nyuma ya ile."

"Hm," mama Safi akasema. Kesho yake asubuhi akamwambia tonton, "Bon, nipe na mimi kiraka kimoja. Lakini si ya bluu. Minataka ya njano."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Wanawake hawakuziita picha tena, waliziita viraka. Walikuja kutoka avenyu yetu, kisha kutoka avenyu nyingine. Asiyekuwa na fedha alileta alichonacho, kwanga, ule mkate wa mihogo, au samaki, au furushi la majani ya sombe. Siku moja duka la tonton lilinuka kama gati, na mama Kyakimwa akamwambia kwamba ameolewa na mfanyabiashara wa vyombo vya nyumba, si na mvuvi, na kama anataka kubadili kazi, baba yangu anaweza kumkopesha mtumbwi.

Sasa naeleza namna alivyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo kosa lilipotokea.

Karatasi hizi haziwezi mvua. Kwenye avenyu yetu mvua ya upepo hupiga kuta zilizogeukia daraja, na kuta zilizogeukia mji hubaki kavu. Kwa hiyo, picha ya kuziba tundu lililo upande wa daraja, tonton aliipaka gundi mgongoni na kuitia kipande cha plastiki, zile bashe ambazo watu walipewa baada ya vita. Picha ya upande wa mji hakuitia plastiki, kwa sababu plastiki ilikuwa kidogo. Basi kila mteja alipokuja, kabla hata ya kuchagua rangi, tonton alimuuliza swali moja:

"Mama, ukuta yako inaangalia wapi?"

Mteja akijibu, "Inaangalia pont," yaani daraja, tonton aliita nyuma ya duka, "Kyakimwa, moja ya pont." Akijibu, "Inaangalia muji," tonton aliita, "Moja ya muji." Ya pont ilikuwa na plastiki. Ya muji haikuwa nayo. Hapakuwa na maana nyingine. Mimi hupita dukani kila siku nikitoka shuleni, kungoja nirudi nyumbani pamoja na mama Kyakimwa, na nimelisikia swali hilo hata ndotoni.

Afisa amenikatiza hapa. Ameniuliza kama hata mimi nasema kwamba ukuta unaangalia. Nimejibu ndiyo. Kwa Kiswahili cha hapa, nyumba inaangalia barabara, kanisa linaangalia mto, na ofisi hii inaangalia soko dogo. Ni kusema imegeukia huko. Afisa amesema, "Najua, binti. Mimi ni mutu wa hapa. Andika kwa ajili ya wale wasiojua." Nimeandika.

Siku ya Ijumaa, tarehe 15 Septemba, nilifika dukani kama saa nane mchana. Tonton Isaïe alikuwa akikoroga gundi kwenye jiko la makaa nyuma ya meza. Mama Safi alikuwa mahali pake na samaki wake. Askari wawili walikuwa wamesimama meza ya jirani, wakinunua sigara. Nilikuwa nimeketi juu ya ndoo, nikisoma somo la jiografia. Mwanamke mmoja nisiyemjua alikuja na beseni kichwani.

Tonton akamuuliza, "Mama, ukuta yako inaangalia wapi?"

"Inaangalia pont, tonton. Mvua yote ya Mungu inaingia kwangu."

"Kyakimwa, moja ya pont."

Mama Safi akacheka, akasema kwa sauti yake ya sokoni, ambayo haina ndogo, "Na huyu pia. Alors, komini muzima tunaangalia pont. Tuko basentinelle, balinzi bila mushahara."

Watu wa meza za karibu walicheka. Mimi pia nilicheka. Askari mmoja aliweka sigara zake mfukoni akaja.

"Nani anaangalia daraja?"

Kiswahili chake si cha hapa. Alikisema vizuri, lakini kilikuwa cha mahali pengine, na cha kambi. Nafikiri kwake kuangalia ni kazi ya macho peke yake.

Mama Safi akajibu, "Si batu, chef. Ni ukuta njo inaangalia."

"Ukuta una macho?"

"Tangu mwezi wa sita iko na macho, chef. Kila mutu anajua."

Hakuna aliyecheka tena. Tonton Isaïe alitoka nyuma ya meza na gundi vidoleni. Akasema, "Chef, mama anafanya mchezo tu. Inaangalia, ni kusema imegeukia kule. Kama vile duka yangu inaangalia barabara."

"Na wewe ndiye unayewapa za daraja?"

"Ndiyo, chef. Za pont ni mimi."

"Umewapa wangapi?"

"Eh, wengi. Avenyu ya tisa karibu yote."

Aliyasema hayo kwa kiburi kidogo, kama mtu anayesifiwa kazi yake. Wakati ule sikuelewa kwamba alikuwa anajibu swali jingine kabisa, na nafikiri yeye pia hakuelewa. Nilielewa askari wa pili alipochukua picha iliyokuwa mezani, akaigeuza, akaona plastiki mgongoni, akaiinua kwenye mwanga kutafuta maandishi. Hayakuwepo. Akaangalia mbele ya picha, ambako kulikuwa na zambarau juu na kijivu chini.

"Hii ni picha ya nini?"

"Ya rangi, chef."

"Mnaficha nini ndani yake?"

"Haina na kitu ndani, chef. Ndiyo maana batu wanaipenda."

Walimfunga mikono kwa kamba ya katoni yake mwenyewe. Walibeba picha zote zilizobaki. Tonton alimgeukia mke wake akasema, "Gundi iko motoni, Kyakimwa. Usiache iungue." Mama Kyakimwa aliepua sufuria kwa mikono mitupu, na mpaka leo vidole vyake vina malengelenge.

Mama Safi hayuko tena kwenye avenyu yetu. Sijui alikokwenda. Siku ile jioni alikuja kutuaga, nikamwomba asiniambie, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuamua kuja hapa na kuahidi kusema yote.

Jumamosi tarehe 16 asubuhi askari walipita avenyu ya tisa nyumba kwa nyumba. Waliingia sebuleni, waliangalia ukuta uliogeukia daraja, na penye picha waliibandua. Nyuma ya kila picha walikuta tundu. Kila walipokuta tundu waliitana, kama watu waliopata kitu. Kwa papa René, ambaye nyumba yake iko mbele ya yetu, walikuta mawili. Papa René aliwaambia, "Bapapa, mulitarajia kukuta nini nyuma ya kiraka?" Walimsukuma akaanguka, lakini hakuumia sana.

Kwetu walichukua ile nyekundu yenye ukanda wa njano. Baba yangu alipoiona mara ya kwanza, mwezi wa saba, alisema ameoa mwanamke anayetundika ukuta juu ya ukuta. Lakini jioni aligeuza kiti chake akaketi akiielekea, na kila jioni akafanya hivyo, na mama alitabasamu tu jikoni. Nyekundu ile imekwenda. Baba bado anaketi vilevile, anaangalia tundu.

Naomba iandikwe kwamba tundu hilo liko juu karibu na bati. Mimi ni mrefu kuliko mama, na ili nifike lazima nipande kiti juu ya meza. Jana nilipanda, nikachungulia. Daraja halionekani. Unaona ukuta wa papa René, na juu yake unaona bati la papa René. Afisa akitaka, aje mwenyewe. Kiti na meza vipo.

Sasa afisa ameniuliza swali ambalo amesema wakubwa watamuuliza yeye. Ameuliza: kama hii ni biashara ya kupamba nyumba tu, kwa nini picha zote ziko kwenye kuta zinazoelekea daraja, wala hakuna hata moja upande mwingine?

Mama yangu amenigusa goti chini ya meza. Najua maana yake. Tulizungumza njiani, na mama aliniambia nijibu juu ya sebule tu. Namheshimu mama yangu, na nimemwambia sasa hivi kwa sauti ya chini kwamba nimekwisha kuahidi. Ameondoa mkono wake kwenye goti langu. Kisha amesema, "Andika, basi. Andika vizuri."

Jibu langu ni hili. Picha nyingi ziko upande wa daraja kwa sababu mabomu mengi ya avenyu yetu yalitoka upande huo. Picha inakaa palipo na tundu, na tundu liko palipopita bomu. Tonton Isaïe hakuchagua ukuta hata mmoja.

Lakini si kweli kwamba hakuna picha upande mwingine. Askari walitafuta upande wa daraja tu, wakapata za daraja tu. Katika nyumba yetu kuna picha ya pili, ambayo hawakuiona. Iko chumba cha nyuma, tulipokuwa tunalala mimi na mdogo wangu Julie. Inaziba tundu ambalo ni kubwa kuliko la sebuleni, na liko chini, karibu na mkeka. Ukuta huo unaangalia mji. Bomu hilo lilitoka upande wa mji, tarehe 7 Juni asubuhi.

Julie alikuwa na miaka sita. Sitaandika zaidi, kwa sababu si swali nililoulizwa.

Afisa ameweka kalamu yake chini, ingawa anayeandika ni mimi. Nyuma ya kiti chake kuna kalenda ya mwaka jana ambayo haijafunguliwa kurasa. Kona yake moja imebanduka, na mwanga unapita chini yake. Nilikuwa nimeiona tangu nilipoingia. Sikutaka kuitaja, nisionekane mtu wa kumwaibisha mwenye ofisi, lakini amegeuka mwenyewe akaiangalia, akaniuliza, "Na hii, inaangalia wapi?" Nimemjibu kwamba inaangalia mji. Amesema, "Andika na hiyo."

Narudi kwenye picha ya chumba cha nyuma. Baada ya mwezi wa sita mama hakuingia chumba kile. Asubuhi mwanga ulipita kwenye tundu ukaanguka mahali pa mkeka, na mtu akifungua mlango aliuona. Baba alitaka kuziba kwa udongo, mama akakataa. Mwezi wa nane, Jumapili baada ya misa, tonton Isaïe alikuja na picha zake zimeviringishwa chini ya kwapa. Hakumuuliza mama ukuta unaangalia wapi. Alijua, maana yeye na baba ndio waliomtoa Julie. Alitandaza picha moja baada ya nyingine sakafuni sebuleni.

Mama alisema, "Sitaki yenye mutu ndani."

"Hakuna yenye mutu, mama Julie."

"Wala ua."

"Wala ua."

Mama alizipita zote. Akarudi kwenye moja, ambayo ina rangi ya chungwa lililoiva juu, na chini rangi ya maziwa, na katikati zinakutana bila mstari. Aliinama juu yake muda mrefu hata baba akataka kumwinua, na tonton akamzuia kwa mkono. Kisha mama akasema, "Hii haisemi kitu. Iache."

Tonton aliibandika mwenyewe, bila plastiki, kwa kuwa ni ya mji. Hakupokea kitu, na mama alipomletea samaki wa kubanikwa alisema daktari amemkataza samaki, jambo ambalo mama Kyakimwa alitwambia baadaye kwamba si kweli. Wakati wa asubuhi, jua linapokuwa kali nje, mahali tundu lilipo karatasi inang'aa kidogo ndani ya ile rangi ya maziwa. Tonton aliomba msamaha kwa hilo, akataka kuongeza karatasi nyuma. Mama alimkatalia. Tangu siku hiyo mama hulala chumba kile, na mimi hulala pamoja naye.

Naeleza haya ili wakubwa wapime. Kama picha hizi ni za kuficha matundu ya kupelelezea daraja, hii ya kwetu ni ya kupeleleza nini? Nyuma yake kuna choo cha mama Safi na mpapai mmoja. Na kama tonton Isaïe anafanya kazi kwa jeshi la ng'ambo, kwa nini anaziba matundu ya pande zote mbili kwa gundi ileile? Mimi ni mwanafunzi tu, sijui mambo ya majeshi. Ila kama wakubwa wanataka ramani ya viraka vyote, wataona kwamba ni ramani ya mabomu, na hiyo hawakuichora watu wa avenyu ya tisa.

Sentensi hiyo ya mwisho afisa aliisoma akaniuliza kama nina hakika nataka ibaki. Nimemuuliza kama ni ya uongo. Amesema si ya uongo. Basi imebaki.

Naongeza pia kwamba siku ya Ijumaa sikumsikia tonton Isaïe, wala siku nyingine yoyote, akimuuliza mtu habari za askari, wala idadi yao, wala saa zao. Maswali yake yalikuwa mawili tu. La kwanza nimekwisha kuliandika. La pili lilikuwa, "Rangi gani inapumuzisha macho yako?"

Nimemsomea mama yangu yote tangu mwanzo. Amenisahihisha mahali pamoja: nilikuwa nimeandika rangi ya chungwa, naye amesema niongeze kwamba ni la kuiva. Nimeongeza. Niliyoahidi kuyasema nimeyasema, na hapa naishia.

Sahihi ya shahidi: Fortunée Bosenge
Alama ya kidole cha mama yake, kwa kuwa shahidi hajatimiza umri: Annette

Maandishi ya afisa: Shahidi ameandika kwa mkono wake, kwa utulivu, bila kulazimishwa wala kuongozwa. Saa tano na nusu nilikwenda naye na mama yake mpaka avenyu ya tisa. Nimepanda kiti kilicho juu ya meza. Daraja halionekani. Nimeingia chumba cha nyuma, nimeona picha iliyotajwa, na sikuibandua. Kwa maoni yangu Isaïe Muhindo hana kosa, na neno lililomkamatisha ni neno la kila siku la watu wa hapa. Naomba aachiliwe na mali yake irudishwe. Nakala hii inapelekwa leo kambini. Shahidi ameomba kuandika swali moja chini ya sahihi yangu, si juu yake, ili msomaji asilisahau. Nimemruhusu.

Augustin Likenge, afisa mpelelezi

Afisa Augustin, na ninyi wakubwa mtakaosoma: naomba nijibiwe leo hii, kwa mtu huyuhuyu atakayeleta karatasi hizi. Mama Kyakimwa amezunguka kambi tangu Ijumaa na kikapu cha chakula, na kila lango wanamwambia ajaribu jingine. Hawamruhusu kuingia, na hajui asimame upande gani ili mume wake, kama kuna dirisha au tundu lolote, aweze kumwona. Chumba mlimomfungia tonton Isaïe, ukuta wake unaangalia wapi?